Simbi Iliyotembea Shavuni mwa Anyesi

Anyesi wa Kaloleni, Arusha, hana rula. Hana futi ya fundi, hana kipimo chochote cha dukani. Ana shavu. Mpe simbi, yale makombe madogo meupe yenye mpasuo tumboni, ataitupa moja shavu la kulia na nyingine la kushoto, atanyamaza kidogo, kisha atakwambia kama zinalingana. Zikilingana zinakaa pande mbili za mkanda, moja huku na mwenzake kule. Zisipolingana anazitema kwenye sinia na kuchota nyingine. Amefanya hivyo tangu msichana, huko upande wa machweo wa Mlima Meru, alikofundishwa na mama yake. Na huyo mama alikuwa anapokea wageni mdomo umejaa simbi, na wageni walikuwa wanamwelewa vizuri tu.

Kibarazani kwake, mtaa wa nyuma ya uwanja wa mpira, anashona mikanda ya ngozi ya mbuzi, kamba za vibuyu vya maziwa na mavazi ya bibi harusi. Shanga ananunua, ngozi analoweka mwenyewe, simbi analetewa. Na hapa lazima uelewe kitu mapema, la sivyo mengine yote utaona ni ujinga. Huyu mama ameshika simbi karibu kila siku ya maisha yake na hakuwahi kujiuliza zinatoka kwenye nini. Ungembana sana angekwambia bahari inazizaa, kama mto unavyozaa kokoto. Zilimfikia kavu, tupu, safi, ndani ya mfuko. Usimcheke. Wewe unajua kifungo cha shati lako kilikuwa nini kabla hakijawa kifungo?

Mwaka huu binti yake, Nashipae, anaolewa. Mkanda wa harusi ya Nashipae hauwezi kushonwa na mtu mwingine, hilo halina mjadala. Mwanaume anaitwa Rodrick, Mmeru wa Akheri, anafanya kazi Tanga. Kijana mpole. Mpole mpaka Simel, mume wa Anyesi, anamtania kwamba mtu anayemsalimia mama mkwe huku anaangalia chini, ama ana adabu sana ama viatu ni vipya. Huyo Rodrick alipiga simu kuuliza mama angependa zawadi gani kutoka pwani. Anyesi akamwambia simbi tu, mwanangu, mzee aliyekuwa ananiletea ameacha kazi, na hizi za sokoni zimefubaa kama macho ya mlevi.

Mkwe akatega sikio. Zimefubaa. Basi yeye atatafuta zinazong'aa.

Mzigo ulifika kwa basi. Simel alikwenda stendi akarudi na ndoo yenye mfuniko, kaishika mkono umenyooka kama mtu aliyebeba nepi. Ilikuwa inanuka. Ndani kulikuwa na gunia limelowa, ndani ya gunia majani ya baharini, na ndani ya majani simbi zimejaa, zinameta utadhani zimepakwa mafuta ya kupikia. Anyesi hakuwahi kuona simbi za namna hiyo. Katikati yake kulikuwa na makombe mawili ya sura nyingine, marefu, ncha upande mmoja, kama koni ya aiskrimu, yenye mistari ya kahawia kama ngozi ya twiga. Kila moja lilikuwa kama kidole gumba. Akayaona mazuri lakini hayana kazi kwenye mkanda, akayaacha humo humo.

Diana, binti wa kaka yake, anakaa hapo kwao, anasoma chuo. Akaziba pua, akauliza, "Shangazi, hii ni zawadi ya mkwe au kitoweo?"

Anyesi akamwambia aende akaoge yeye kwanza ndipo aseme vya watu. Akavuta kigoda, akaweka ngozi mapajani, akaanza kazi. Hakuosha simbi. Angeoshea nini? Simbi si viazi. Akachota bila hata kuangalia, moja kulia, moja kushoto, macho yako kwenye ngozi, maneno yako kwenye keki ya harusi. Diana alikuwa anataka keki ya ghorofa tatu, Anyesi anauliza hiyo ya juu atakula nani, ndege?

Halafu sindano ikasimama.

Simbi ya kulia ilikuwa imesogea. Kuteleza anakujua, simbi huteleza. Hii haikuteleza. Ilisukuma. Kitu baridi, laini, kilijitandaza polepole kwenye ufizi wake kama ulimi wa mtu wa pili.

Alitema kila kitu ndani ya ndoo, simbi zote mbili, mate, na nusu ya sala. Zikaanguka kati ya mamia ya wenzao. Ipi ni ipi, haikujulikana tena.

"Kuna kitu kimenilamba," akasema.

Diana akachukua simu. Sasa, kuna watu wanasoma ukurasa mzima na kuna watu wanasoma mpaka pale panapotisha, wanaanza kupiga kelele. Diana ni wa kundi la pili. Akasoma kwa sauti kwamba makombe yote hayo ni nyumba za konokono wa baharini. Kwamba kuna ukoo mmoja wa konokono hao wenye jino kama sindano, na jino hilo lina sumu. Kwamba mtu anaweza kuchomwa asisikie maumivu ya maana. Kwamba dawa ya kuiua sumu hiyo haipo. Akageuza simu, na kwenye picha kulikuwa na koni ya mistari ya twiga, pacha wa zile mbili za kwenye ndoo.

"Inaanza na ganzi ya midomo," Diana akasoma. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

Anyesi akagusa mdomo wake. Ganzi ilikuwepo.

Simel hakubishana na mtu. Yeye amekulia kwenye ng'ombe, na kwenye ng'ombe sumu inatibiwa kwa maziwa, basi akaleta kibuyu kizima akamsimamia mkewe mpaka akanywa. Pia anajua kwamba mtu akiumwa na nyoka, unakwenda hospitali na nyoka wako, ili daktari amwone. Kwa hiyo akabeba ndoo. Yote, na mfuniko wake. Jirani mwenye bajaji akawasha.

Njiani Anyesi alikaa katikati, Diana kushoto, Simel kulia na ndoo magotini. Ganzi ilitoka midomoni ikaenda mashavuni. Ikaingia kwenye vidole. Alikuwa anavuta pumzi harakaharaka, kama mtu anayetaka kuweka akiba. Lakini kilichokuwa kinamsumbua kichwani hakikuwa kifo chenyewe. Alikuwa anamwona Rodrick. Kijana wa watu kaombwa simbi, kaleta simbi, na sasa atajulikana milele kama mkwe aliyemuua mama wa bibi harusi kwa zawadi. Nani atamwachia binti? Wazee wa Simel watakaa, wazee wa Akheri watakaa, na Nashipae atabaki katikati na gauni lake.

Akamshika Simel mkono. "Nikiondoka, usiseme zimetoka kwa Rodrick. Sema nilinunua sokoni."

Simel akaangalia mbele. "Mama Nashipae, nyamaza, unamaliza pumzi."

"Na mkanda asimalizie mtu mwingine. Nashipae auvae hivyo hivyo, upande mmoja."

Diana akaanza kulia. Alikuwa ameshampigia Rodrick kabla hawajatoka nyumbani, akamwambia mambo ambayo mtu hamwambii shemeji, kisha akakata.

Kwenye kituo cha afya walimkuta daktari wa zamu, Dokta Elinipa, mwanamama wa makamo, Mmeru mwenye sauti ya chini. Akasema, "Shikamoo mama," na Anyesi, akiamini anakufa, akajibu marahaba kwa ukamilifu. Adabu haiahirishwi. Simel akaeleza, Diana akaeleza juu ya maneno yake, ikawa maelezo mawili kwa mpigo. Daktari akawaacha waishiwe. Yeye alikuwa ameshaanza kazi: akamwangalia Anyesi kope kama zinalegea, akamwambia ameze mate, ainue mikono, afuate kidole kwa macho. Akamulika tochi mdomoni, shavu moja, shavu la pili, chini ya ulimi.

Kisha akauliza kama kuna aliyemwona mdudu mwenyewe.

Simel akaweka ndoo mezani. "Nimekuja naye," akasema.

Elinipa akafunua. Alipoziona simbi uso wake haukubadilika. Alipoziona zile koni mbili akarudisha mkono nyuma, taratibu, akafunga mfuniko, akaishusha ndoo chini na kuisogeza ukutani kwa mguu. Akasema mtu asiiguse. Anyesi aliuona ule mguu. Kama hata daktari anaogopa, basi simu ya Diana ilikuwa inasema kweli.

Lakini Elinipa alivuta kiti akakaa mbele yake, magoti kwa magoti. Miaka ya nyuma alikuwa amefanya kazi Mafia, kisiwani, na wavuvi walikuwa wanamletea vidole vyao vilivyochomwa na kila kinachochoma baharini.

"Mama, sahau alichosoma huyu binti," akasema. "Wewe unapima simbi kwa shavu. Niambie shavu lilisikia umbo gani."

Anyesi akafumba macho. Kwa mara ya kwanza tangu atoke nyumbani, mtu alikuwa anamuuliza kitu anachokijua. Akairudia ile simbi polepole, kama mtu anayerudi chumbani gizani kutafuta alichoangusha. Mgongo. Mgongo ulikuwa wa mviringo, kama harage. Ncha haikuwepo. Na tumboni, ulimi ulipopita…

"Tumboni ina zipu," akasema.

"Zipu?"

"Ule mpasuo. Una mikunjo midogo midogo pande zote mbili, kama zipu ya begi. Ulimi wangu ulikuwa hapo kwenye zipu ndipo kitu kikatoka."

Elinipa akaegemea kiti, akashusha pumzi ndefu.

"Zile ndefu hazina zipu," akasema. "Mdomo wake ni laini mwanzo mpaka mwisho, kama umepasuliwa kwa kisu. Mama, umelambwa na simbi. Simbi hana sumu."

Simel akakaa. Hapakuwa na kiti, akakaa hivyo hivyo, sakafuni, pembeni ya ndoo aliyoambiwa asiiguse.

Na ganzi je? Diana ndiye aliyeuliza, karibu kwa ukali, maana ganzi ilikuwa ushahidi wake. Elinipa akamwambia Anyesi aweke mkono tumboni na apumue kwa hesabu yake yeye, polepole, kama mtu anayelala. Akaeleza kwamba ukihema kwa hofu kama umepanda mlima mbio, midomo na vidole vinakufa ganzi vyenyewe, bila msaada wa konokono yeyote. Anyesi akapumua. Mdomo wa chini ukarudi, kisha wa juu, kisha vidole, kimoja kimoja, kama watoto wanaotoka shule. Hapo Simel akakiri kutoka kule sakafuni kwamba hata yeye vidole vilikuwa vimekufa ganzi tangu kwenye bajaji, ila hakutaka kusema. Kumbe walikuwa wanakufa wawili.

Daktari hakumwachia aende. Alitaka amwone mpaka jioni, kwa sababu zile koni zilikuwa ndoo moja na simbi, na yeye hacheki na koni. Akasema kama angekuwa amechomwa kweli, kazi ingekuwa moja tu, kumpumulisha kwa mashine mpaka sumu ichoke yenyewe. Akasema pia, kwa upole lakini kavu, kwamba maziwa hayana kazi hapo, na mtu ambaye koo linaweza kulegea hanyweshwi kibuyu kizima. Simel akaitikia kama mwanafunzi.

Basi wakakaa kwenye benchi la nje, jua linaingia upande, na wagonjwa wakawa wachache. Elinipa alipopata nafasi akaja kukaa nao, na Anyesi, mtu aliyekuwa anagawa urithi muda mfupi uliopita, akaanza maswali. Hofu ilipotoka, udadisi ulikuta nafasi imebaki wazi. Huyo konokono anakula nini? Majani madogo yanayoota kwenye mawe, akaambiwa, anayakwangua kwa ulimi wenye ukali wa msasa, hasa usiku. Mchana anajificha chini ya mawe. Na yule mrefu? Yule ni mwindaji. Wapo wanaokula minyoo, wapo wanaokula konokono wenzao, na wapo wanaokula samaki. Mnyama asiyeweza kumfukuza hata kaa anakula samaki, kwa sababu anamchoma mara moja na samaki anaganda pale pale, kisha anamezwa mzima.

Lakini swali lililokuwa linamuwasha Anyesi lilikuwa jingine. Hizi zinang'aa hivi kwa nini, na zile za sokoni zimefubaa?

Elinipa akakunja ngumi. Akachukua kanga ya Anyesi, akaipandisha juu ya ngumi kutoka pande mbili mpaka pindo zikakutana juu. Simbi anafanya hivi, akasema. Ana nyama nyembamba kama kanga, anaitoa kwenye ule mpasuo na kulifunika kombe lake lote kwa nje. Ndiyo inayolijenga na kulisugua maisha yake yote. Konokono wengine makombe yao yanakwaruzika na kuota uchafu, la simbi liko chini ya nguo. Akifa, nguo inaoza, jua na mchanga vinaanza kulichubua. Zilizofubaa ni za waliokufa zamani. Zinazong'aa hivi ni za walio hai, au waliokufa juzi.

Anyesi akaiangalia ile ngumi ndani ya kanga yake kwa muda. Miaka yote alikuwa anadhani wauzaji wanapaka mafuta.

"Kwa hiyo alipokuwa shavuni," akasema, "alikuwa anavaa."

"Alisikia unyevu, akadhani amerudi nyumbani," Elinipa akasema.

Na wakiwa wadogo, akaendelea, hata hawafanani na simbi. Kombe ni jembamba na mdomo uko wazi, ungepewa ungerudisha. Akikomaa ndipo midomo inakunjwa kuingia ndani, inanenepa, zipu inatokea. Na jike akitaga anayakalia mayai, anayafunika kwa mguu wake, na hatoki hapo mpaka yaanguliwe. Simel akasema huyo basi ni kuku. Anyesi akamwambia ni afadhali kuliko wanaume fulani wanaoketi sakafuni mwa hospitali.

Hapo simu ya Diana ikaita. Rodrick, kwa mara ya sijui ngapi. Diana alikuwa haipokei kwa aibu, maana sasa alikuwa anajua alichomtukania mtu si kweli. Anyesi akaichukua mwenyewe. Upande wa pili hakukuwa na sauti ya kusalimia, ilikuwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia peke yake. Akamwambia, mwanangu, niko mzima, alikuwa simbi tu, ulinitumia zikiwa zinapumua. Rodrick akajaribu kueleza. Zile za mchangani zilikuwa zimefubaa, na mama alisema hataki zilizofubaa, kwa hiyo maji yalipokupwa aliingia mwambani na kugeuza mawe. Zote zilizokuwa chini ya mawe zilikuwa zinang'aa. Akadhani zimejificha jua. Na yeye ni mtu wa Akheri, anajua migomba na kahawa, angejuaje kombe lina mwenyewe?

Elinipa akaomba simu. Akamuuliza kuhusu zile ndefu mbili.

Rodrick akasema hizo aliziona ni nzuri mno, za kuweka mezani kwa mama, na hakutaka zikwaruzwe na nyingine kwenye gunia. Akazibeba mfukoni mpaka nyumbani, ndipo akazipanga juu.

Daktari akainuka kutoka kwenye benchi. "Mfuko upi?"

"Wa suruali, daktari. Wa mbele."

"Rodrick, uko peke yako hapo? Tafuta pa kukaa."

Akamweleza. Kwa ufupi, bila kupamba. Kule Tanga kikasikika kiti kikivutwa. Na pale kwenye benchi Anyesi akaelewa kilichotokea hasa siku hiyo: kwamba aliyekuwa anatembea na kifo ni mkwe wake, njia nzima toka baharini, kwenye paja, na hakuna aliyejua wala kumwombea. Machozi aliyoyabana kwenye bajaji ndiyo yakatoka sasa, na yalikuwa matamu. Simel akacheka mpaka akakohoa. Akachukua simu akamwambia kijana kwamba kuanzia leo adabu yake imethibitishwa, maana wengine wanaleta mahari ya ng'ombe, yeye nusura alete roho yake, kwenye mfuko wa suruali.

Elinipa alizitoa zile koni kwa koleo refu, akaziweka kwenye chupa ya spiriti. Simbi haziwezi kurudishwa, alisema. Kutoka Arusha bahari ni mbali, na nyingi zilikuwa zimekwishakufa njiani. Akamwambia Anyesi asizichemshe, moto unaua mng'ao. Azifukie kwenye udongo wenye sisimizi, wao watakula kilichomo na kuacha nyumba. Kaloleni hakuna shamba, basi mama yake Rodrick akazipokea, akazifukia migombani Akheri, akamtumia salamu mkwe mwenzake kwamba zamu hii hata sisimizi wanasherehekea harusi.

Siku ile kope za Anyesi hazikulegea, daktari akamruhusu. Jioni wakarudi kwa miguu sehemu ya njia, kwa sababu tu walitaka kutembea.

Rodrick alipokuja Arusha mara ya kwanza baada ya hapo alileta futi ya fundi, mpya, imeviringishwa vizuri, akampa mama mkwe kwa mikono miwili. Na alimwangalia usoni. Anyesi akashukuru sana, akaitundika ukutani, na iko hapo hapo mpaka leo, haijapima kitu. Akamwambia kitu kimoja tu, kwamba mwaka ujao amletee za mchangani, zilizofubaa, atazizoea. Walio chini ya mawe awaache wavae.

Shavu linaendelea na kazi. Ila sasa ukikaa naye kibarazani utamwona anachukua simbi, anaigonga kidogo kwenye ukingo wa sinia, anaisogeza sikioni.

"Hodi," anasema.

Ikinyamaza, inaingia.